Flashi ya Rafiki wa Masjala

Tarehe 9 Februari

Mwanangu Kiherehere,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, ila utaniamkia tu, kwa hiyo naitika mapema nisije nikasahau.

Huku hatujambo. Baba yako amemaliza kabati la mteja, likawa pana kuliko mlango wa mteja, na sasa kaka yangu huyo anatafuta wa kumlaumu. Wiki hii lawama ziko kwa futi kamba. Mama yako mguu umepungua uvimbe. Mama Pacha wa chumba cha pili anakusalimu sana. Taipureta yangu bado inapiga kengele mwisho wa kila mstari na majirani bado wananung'unika, kwa hiyo ujue sijabadilika.

Watu wananiuliza kwa nini sikupigii simu. Nawaambia simu ni ya kuita zimamoto, barua ndiyo ya kuzungumza. Tena safari hii kuna kitu cha kutia ndani ya bahasha.

Jambo lenyewe ni hili. Nina rafiki pale masjala, karani kama mimi, siku nzima yuko na faili za watu. Macho yake yamechoka. Herufi za kwenye kompyuta zimeanza kumkimbia. Amesikia kuna programu inayosoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye skrini, mtu anatia spika sikioni na kusikiliza. Kwa kuwa kazi yako ni kuzijaribu programu kabla hazijatoka, sikufikiri mara mbili, nikamwahidi.

Ila kuna masharti. Ofisini kwetu ni marufuku kuweka programu ndani ya kompyuta, na intaneti hatuna. Mashine ya kaunta ni mpya. Ile ya chumba cha ndani, ukiiwasha unaweza kwenda kupiga mswaki na kurudi kabla haijaamka. Rafiki yangu anataka programu inayokaa kwenye flashi yenyewe: aichomeke, afanye kazi, aichomoe, isiache hata alama. Na hataki mtu yeyote ajue. Ni mtu wa haya.

Flashi nimeifunga kwenye kipande cha pazia. Kipande nirudishie.

Wako,
Shangazi


Tarehe 2 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, japo umeshaitika.

Mimi nipo, sina neno. Nimehamia chumba chenye dirisha linalofunguka, anasa ambayo nilikuwa nimeisahau. Kazini wametununulia viti vipya vya kutunza mgongo, na watu watatu sasa wanaumwa mgongo. Mwambie Baba kabati likizidi mlango kinachobomolewa ni mlango, na asiseme nimesema mimi.

Sasa nije kwa rafiki yako. Programu anayoitaka ipo, lakini iko ya aina mbili, na hapo ndipo pa kutulia kidogo. Ndani ya kila kompyuta kuna prosesa, yaani ile sehemu inayofanya kazi yote. Prosesa za zamani zinabeba biti, yaani chembe za taarifa, thelathini na mbili kwa mkupuo mmoja. Za sasa zinabeba sitini na nne. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya sitini na nne haifunguki kwenye mashine ya thelathini na mbili hata ukiibembeleza. Lakini ile ya thelathini na mbili inafunguka kote kote, kwenye nzee na kwenye changa.

Ungeuliza, basi kwa nini nisitume ya zamani tu? Kwa sababu ya sauti. Ya zamani ni kavu, haipandi wala haishuki, inasoma taarifa ya msiba na orodha ya misumari kwa namna moja. Mpya ina sauti ya mama mmoja mtulivu, utadhani anakusomea akiwa amekaa kitandani kwako. Halafu ya zamani haitengenezwi tena. Waliokuwa wakiitunza wamehamia kwenye mpya, na ikiharibika hakuna wa kumlilia.

Kwa hiyo nimetia zote mbili. Kuna folda inaitwa MPYA na nyingine inaitwa ZAMANI. Akichomeka flashi, abonyeze herufi M kisha enta mara mbili, au Z kisha enta mara mbili, sauti itaanza yenyewe. Hahitaji kuona chochote.

Naomba unijibu haya: hiyo mashine ya ndani ina umri gani, rafiki yako bado anaziona herufi kubwa au hapana, ameshaonana na daktari wa macho, anategemewa kusoma nini hasa hapo kazini, na wewe mwenyewe, ile miwani uliyobadilisha mwaka jana inakufaa?

Cha mwisho na muhimu kuliko vyote: folda zote mbili zibaki. Hata moja asiifute. Mashine ile ya ndani haitaikubali MPYA.

Mtoto wako,
Kiherehere

(Kipande cha pazia hicho. Nimekifua.)


Tarehe 30 Machi

Mwanangu Kiherehere,

Marahaba mama. Barua yako imefika na pazia limefika. Umelifua kwa sabuni gani, mbona linanukia kama watu wenye pesa?

Baba yako amebomoa mlango. Sikumwambia, alifika hapo kwa akili zake mwenyewe. Sasa mteja hana mlango lakini ana kabati, na wote wawili wanasema wameridhika. Mama yako anatembea hadi sokoni na kurudi bila kupumzika njiani.

Rafiki yangu ameshukuru mno. Wamempanga kaunta, kwenye ile mashine mpya, na sauti aliyoipata anasema ingefaa kusoma taarifa ya habari. Mwananchi akitaja jina lake, analitaipu, anaisikia namba ya faili sikioni, anainuka, anakwenda kabatini moja kwa moja. Wenzake wanadhani ana kichwa kizuri cha kukariri. Flashi ameshaipanga vizuri, wewe unajua watu wa masjala hawapendi vitu kurundikana.

Umeuliza mashine ya ndani ina umri gani. Ni ya zamani, nilishakwambia. Umeuliza rafiki anategemewa kusoma nini. Anasoma namba za faili na majina. Hayo ndiyo uliyouliza, nami nimejibu.

Tumepata bosi mpya. Ni mwanamke, anatembea bila kutoa sauti, kama soksi. Hatujazoeana.

Wote hawajambo ms ,o,o mo ,xo,s.

Wako,
Shangazi


Tarehe 27 Aprili

SHANGAZI, SHIKAMOO.

SAMAHANI KWA HERUFI HIZI KUBWA. KALAMU ZANGU ZOTE ZIMEISHA, NIMEBAKI NA HII NENE YA KUANDIKIA MABOKSI.

NILIULIZA MASWALI MATANO, UMEJIBU MAWILI. SIGOMBI.

MSTARI WAKO WA MWISHO NIMEUELEWA.

MWAMBIE RAFIKI YAKO AENDE KWA DAKTARI WA MACHO WIKI HII. ASINGOJE.

MWAMBIE NAMPENDA, INGAWA HATUJAJUANA.

KIHEREHERE


Tarehe 6 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu na sababu utaiona.

Kwanza ya nyumbani. Mama Pacha amelalamika kwamba barua yako ya safari hii haina hata habari moja. Nimemwambia kalamu ilikuwa nene. Barua hiyo nimeisoma mimi, saa sita mchana, nimesimama kwenye dirisha la jikoni. Ilinichukua muda, lakini sikuomba msaada kwa mtu. Utafute kalamu nyingine nene ukiweza.

Rafiki yangu amekwenda kwa daktari. Waliweka kidevu chake juu ya kibao, wakamwambia atazame taa ya kijani, akawauliza ipi. Ni presha ya macho. Imekaa miaka ikila kidogo kidogo kutoka pembeni, na yeye alikuwa analaumu balbu. Daktari amesema kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa matone, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Rafiki yangu alitoka pale akapanda gari la upande usio wake, akashuka mwisho wa njia, akakaa kwenye benchi mpaka alipopata nguvu ya kupanda jingine.

Sasa nikwambie anachokiogopa, kwa sababu sipendi umfikirie vibaya. Kila mwaka mwezi wa Julai tuna uhakiki. Bosi anakaa na rejista kubwa, karani anasoma orodha ya faili kutoka kwenye kompyuta ya chumba cha ndani, namba na jina, namba na jina, na bosi anatia alama. Faili elfu mbili na ushei. Mashine ile haiwashwi siku nyingine yoyote ya mwaka. Karani asiyeweza kusoma orodha yake hana masjala, mwanangu. Rafiki yangu ana miaka thelathini na moja pale. Alianza wakati kadi zinaandikwa kwa mkono. Hana mume, hana mtoto wa kumzaa, ana yale makabati. Wakimwondoa atakwenda kukaa wapi na kufanya nini, kusikiliza watu wakisema pole?

Neno moja la mwisho, na hili si la rafiki, ni langu. Nyumbani kwenu usiseme kitu. Kaka yangu akisikia atakuja na mkokoteni wake wa mbao kunibeba mimi na kitanda changu. Namjua. Atafanya kwa mapenzi, na mimi nitakufa kwa mapenzi hayo.

Shangazi


Tarehe 29 Juni

SHANGAZI, SHIKAMOO.

NIMENUNUA KALAMU KUMI NENE. DUKANI WALINIULIZA NINAHAMA AU VIPI.

SIKUSEMA NYUMBANI NA SITASEMA.

SIKU YA UHAKIKI RAFIKI YAKO ATUMIE FOLDA YA ZAMANI. ABONYEZE Z, SIYO M. SAUTI NI MBAYA LAKINI ITAFUNGUKA. MPYA ITAKATAA.

FOLDA ZOTE MBILI BADO ZIPO, SIVYO? NIJIBU HILO TU.

KIHEREHERE


Tarehe 16 Julai

SHANGAZI, SHIKAMOO.

TANGU NIONDOKE NYUMBANI HUJAWAHI KUNIPIGIA SIMU. JANA UMENIPIGIA SEKUNDE KUMI NA TISA, UKASEMA "TUMA ILE YA ZAMANI, NILIIFUTA, NINA WIKI TATU," UKAKATA.

NIMETUMA FLASHI TATU KWENYE BAHASHA TATU, KWA POSTA TATU TOFAUTI. MOJA TU IKIFIKA INATOSHA. HUMO NDANI NI ZAMANI PEKEE.

BARUA YA KWELI IKO NDANI YA FLASHI, INAITWA BARUA. UTASOMEWA NA PROGRAMU YENYEWE. MAMA PACHA HAHUSIKI.

KIHEREHERE


Tarehe 22 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ya tarehe 29 Juni, ile ya kalamu kumi, imefika leo asubuhi, wiki moja baada ya aibu. Umeniuliza folda zote mbili bado zipo. Nimecheka peke yangu jikoni, kicheko cha mtu aliyekalia miwani yake.

Huyo rafiki ni mimi. Najua ulijua. Nakushukuru kwa kunihifadhi miezi yote hii nyuma ya mtu asiyekuwepo.

Barua yako ndefu ya mwezi wa tatu sikuisoma. Nilisomewa na Mama Pacha. Ana roho nzuri lakini alikuwa na sufuria jikoni. Alisoma mwanzo, akacheka ya kabati, ya katikati akanifupishia: kuna ya zamani na kuna mpya, mpya ina sauti nzuri, unabonyeza M. Maswali yako mawili aliyakumbuka, matatu yaliungua pamoja na mboga. Sikuweza kumwambia rudia, kwa sababu ningesema kwa nini siwezi kurudia mwenyewe.

Sasa sikiliza nilivyofanya. Kwetu masjala, fomu ikitolewa toleo jipya, zile za zamani tunazikusanya zote, tunazipiga mstari mwekundu, tunazichana. Hairuhusiwi kubaki hata moja, maana mwananchi mmoja akijaziwa fomu ya zamani, kesi yake inakaa miaka. Kazi hiyo nimeifanya miaka thelathini na moja na hakuna anayechana kama mimi. Nilipoifungua flashi, sauti ikaniambia: folda, mpya. Folda, zamani. Programu moja, matoleo mawili. Mkono wangu haukuniuliza. Nilifuta ZAMANI, nikajisikia msafi kabisa.

Siku ya uhakiki, bosi alikaa na rejista, mimi nikawasha ile mashine nzee ya ndani. Nikachomeka flashi, M, enta, enta. Kimya. Nikarudia. Kimya. Nikaona tu weupe umejitokeza katikati ya skrini, kama leso. Nilijua ni ujumbe na nilijua siwezi kuusoma.

Bosi akainuka, akaja nyuma yangu, akausoma yeye. "Imeandikwa hivi: programu hii haiwezi kufunguka kwenye kompyuta hii. Programu gani?"

"Ya kunisomea."

"Kukusomea nini?"

"Kila kitu," nikamwambia. Sikuwa na uongo mwingine uliobaki.

Halafu akaniuliza, "Kwa hiyo asubuhi unavyonipita pale mlangoni bila salamu, hunioni?"

"Sikuoni. Ukisimama pale nadhani ni mlango."

"Mie miezi minne najua unanidharau," akasema. "Nimeshamlalamikia hadi mume wangu."

Nilitaka kumwomba radhi na nikataka kucheka, nikaishia kupenga kamasi. Akaniachia nimalize. Kisha akasema, "Huruma sikupi, hutaipenda. Nakupa wiki tatu, hadi tarehe tano Agosti. Uhakiki ni wako. Ukiisoma orodha kwa hiyo programu yako, masjala ni yako na mimi nitaiandikia barua ya kibali. Usipoisoma, nitakuandikia kustaafu mapema, na nitaandika kwa heshima."

Nimemwambia sawa. Hakuna mtu aliyenisemesha kama mtu mzima namna ile tangu haya yaanze, isipokuwa wewe na kalamu yako.

Flashi niliyokuomba bado haijafika. Kila siku nampitia mtu wa posta. Ameanza kunikimbia.

Shangazi


Barua iliyomo ndani ya flashi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ninaandika kwa kutaipu, kama wewe, na nimeisikiliza barua hii kwa ile sauti kavu kabla ya kuituma, ili nijue utakachosikia. Uvumilie. Inasoma kama mtu aliyelazimishwa.

Nilishuku tangu barua yako ya kwanza, ila nikwambie nilivyopata hakika. Ile barua yako ya Machi, mstari wa mwisho ulikuwa takataka: koma, herufi, koma. Wewe, uliyekuwa unanirudishia insha zangu kwa sababu ya nukta moja. Niliuweka mezani siku mbili. Halafu nikaiweka mikono yangu juu ya vitufe kwa makusudi, nikaisogeza kitufe kimoja kulia, nikaanza kutaipu maneno ya kawaida ya barua. Ulikuwa umeandika "na mimi ni mzima." Vidole vyako vilikaa vibaya baada ya kusogeza karatasi, na hukuona. Nililia, Shangazi, nikiwa kwenye kiti kipya cha mgongo. Sikulia kwa sababu ya macho. Nililia kwa sababu ulikuwa unaniambia wewe ni mzima.

Na kosa la folda ni langu pia. Ningesema mwanzo wa barua, nikasema mwisho. Tena niliziita majina gani? Nimempa karani wa masjala kitu kinachoitwa ZAMANI halafu nikategemea asikichane. Ningeipa jina KILA MAHALI tungekuwa tumemaliza. Kazini kwetu sisi sote hukimbilia kilicho kipya, na nakiri hata mimi nilitamani upate ile sauti nzuri. Nilitaka usomewe na mtu mwenye upole kwa sababu mimi siko hapo kukusomea.

Lakini ya zamani ndiyo yako kwa sasa. Inafunguka kaunta, inafunguka ndani, itafunguka kwa mkuu wa wilaya ukiitwa huko. Usiibadilishe mpaka mashine ile ya ndani itakapoondolewa. Siku hiyo niambie, nitakuletea mpya, nayo hutaifuta ya zamani mpaka mpya ijaribiwe kwa wiki nzima. Hiyo ndiyo sheria ya masjala yetu mimi na wewe.

Kuhusu Baba. Siri yako ninayo na nitaendelea kuwa nayo. Ila fikiria: amebomoa mlango wa watu ili kabati likae. Mtu wa namna hiyo huenda akafikiria kitu kingine zaidi ya kukubeba na kitanda.

Nakupenda, Shangazi. Sijui kwa nini huwa siandiki hivyo waziwazi. Labda kwa sababu ulikuwa unanisahihisha.

Kiherehere


Tarehe 18 Agosti

Mwanangu Kiherehere,

Marahaba, marahaba.

Nianze na ya nyumbani, kwa utaratibu. Mama yako hajambo. Mama Pacha anakusalimu na anauliza kama amekukosea, nimemwambia hapana, na nimemwambia kila kitu. Alikaa chini. Sasa ananisomea bei za sokoni kwa sauti mpaka nimemwomba apunguze.

Baba yako nimemwambia mwenyewe, Jumapili iliyopita. Akatoka, nikajua amefuata mkokoteni. Alirudi na gundi. Ameigeuzageuza taipureta yangu, akakata vipande viwili vya mbao, vidogo kuliko punje ya mchele, akavibandika kwenye vitufe vile vinavyokaa chini ya vidole vyangu vya shahada, kushoto na kulia. Sasa vidole vikikaa vinajua vimekaa. Hakusema neno kuhusu kuhama. Aliposimama kuondoka akasema kitufe cha kushoto kimekaa upande kidogo, na lawama ni za gundi.

Bahasha yako ya tatu ndiyo iliyofika kwanza, tarehe tatu Agosti. Nyingine mbili zimefika jana, kwa hiyo nina akiba, nimezifungia kabatini na sijachana kitu.

Tarehe tano tuliingia chumba cha ndani. Bosi na rejista yake, mimi na spika sikioni. Z, enta, enta. Ile mashine ikafikiri mpaka nikafumba macho. Halafu nikamsikia huyo bwana wako, kavu kama mkate wa juzi: "folda, wazi." Sijawahi kumfurahia mwanamume kiasi hicho. Tulisoma faili elfu mbili na kumi na nane kwa siku mbili. Yeye akitaja, mimi nikitaja, bosi akitia alama. Saba hazikuwepo mahali pake, na sita nilijua ziko wapi. Ya saba ilikuwa imelaliwa na chupa ya chai ya bosi mezani kwake, na hilo tulikubaliana lisiandikwe.

Kibali ameandika. Kinasema karani atumie flashi yake popote ofisini. Amesema mashine ya ndani itaondolewa mwisho wa mwaka, kwa hiyo yule mama mtulivu wako mwandae. Nitamkaribisha. Lakini huyu mkavu hatoki mpaka wiki ya majaribio iishe, kama ulivyotunga sheria.

Barua yako nimeisikiliza pale pale chumba cha ndani, uhakiki ulipokwisha na bosi alipokwenda kula. Sikutaka kuipeleka nyumbani. Ulivyosema ni kweli, hana huruma kabisa. Amesoma "nakupenda Shangazi" kwa sauti ile ile aliyosomea "faili namba mia nne na tisa." Nikafurahi kuwa ni yeye. Mama mtulivu angetia madoido, na mimi ningelia nikashindwa kusikia. Huyu alinipa maneno yako matupu, kama ulivyoyaweka. Nikabonyeza mshale wa juu akayasoma tena. Akayasoma na mara ya tatu, na ya nne.

Mara ya tano nikasikia bosi amerudi, yuko mlangoni. Anatembea kama soksi, lakini nimeshazijua soksi hizo. Nikageuka, nikamsalimia mimi kwanza.

Na mimi ni mzima.

Rafiki yako wa masjala,
Shangazi